Usihesabu Hatua, Tazama Ngozi

Wanangu mliokatwa sehemu ya mguu, maneno haya ni yenu. Ndugu na wazazi wenu wakiyasoma ni vizuri, ila ninayemkusudia hasa ni wewe kijana uliyerudishwa nyumbani juzi na bendeji nene, ambaye kila anayekuja kukupa pole anakwambia, "Jikaze, utatembea tu, si kisigino umebaki nacho?" Wanasema hivyo kwa upendo, na wanasema kweli. Lakini maneno hayo yamewaponza wengi. Mtu akiambiwa amekatwa vidole tu, au nusu ya mguu tu, hujiona amenusurika, na aliyenusurika hana subira. Kidonda hakijafunga, yeye keshaanza kukikanyagia. Bado hajazoea kiatu, keshakwenda nacho harusini na kusimama usiku kucha. Baada ya hapo anarudi wodini, na safari hii daktari anazungumzia chini ya goti.

Mimi nilikatwa mbele ya mguu wa kushoto ujanani, toroli la mkonge liliponikanyaga kwenye reli ya shamba moja huku Tanga. Uzeeni nikapata na kisukari, kwa hiyo mguu huu mmoja umenifundisha mambo ya ajali na mambo ya maradhi. Katika yote niliyojifunza, la kwanza ninalotaka mlishike ni hili: usijipime kwa umbali uliotembea. Jipime kila jioni kwa ngozi. Ngozi ikiwa salama, kesho utaongeza kidogo. Ngozi ikiwa nyekundu, kesho utapunguza, hata kama moyo unataka kwenda na hata kama watu wanakusifu kwa ulivyoendelea.

Ili unielewe, lazima ujue umepoteza nini. Mwenye mguu mzima hana habari na anavyotembea. Kisigino kinatua kwanza, uzito unasogea mbele juu ya wayo, halafu vichwa vya ile mifupa mitano mirefu, pale kwenye nyama nene nyuma ya vidole, vinaisukuma ardhi na mwili unakwenda. Aliyepoteza kidole kimoja au viwili bado anao msukumo huo kwa kiasi kikubwa. Aliyekatwa nyuma ya vile vichwa ameupoteza karibu wote, hata kama kwa macho mguu wake unaonekana bado mrefu. Kazi iliyokuwa ikifanywa na kifundo inahamia kwenye nyonga. Ndiyo maana unatoka nyumbani hadi dukani na kurudi, ukakuta paja na nyonga zinauma kuliko mguu wenyewe. Usidhani umekuwa mvivu. Nyonga yako imepewa kazi ya pili, nayo inahitaji mazoezi yake yenyewe: lala ubavu, inua mguu wa juu ukiwa umenyooka, ushushe taratibu, lala kifudifudi, uinue kwa nyuma. Mazoezi hayo unaweza kuyafanya hata kabla kidonda hakijapona, maana hayagusi chini.

Muulize daktari wako alikata wapi, na mwambie akuoneshe kwa kidole kwenye mguu wa pili. Vijana wengi wanaona haya kuuliza. Kuna kukatwa vidole, kuna kukatwa katikati ya ile mifupa mirefu, kuna kukatwa kwenye ungio linaloitwa Lisfranc, na nyuma zaidi kuna ungio la Chopart. Hayo ni majina ya madaktari wapasuaji wawili wa Ufaransa wa zamani. Huna haja ya kuyakariri, ila ujue kwamba kadiri ulivyokatwa nyuma, ndivyo mguu unavyopoteza kano zinazouinua kwa mbele. Kano ya kisigino, ile nene ya nyuma, yenyewe haijakatwa. Inabaki peke yake ikivuta bila mpinzani. Kidogo kidogo kisigino kinapanda, kigutu kinaelekea chini, na kila unapokanyaga, ncha yake yenye kovu ndiyo inayobeba mwili. Hapo kidonda kitakuja, ni suala la muda tu. Wengine daktari huwarefushia kano hiyo palepale kwenye upasuaji ili kuzuia jambo hili. Kama wewe umefanyiwa, usianze kuivuta kabla hajakuruhusu.

Wewe uliyeruhusiwa, fanya hivi. Kaa kitandani au mkekani, goti limenyooka, pitisha khanga au taulo chini ya wayo uliobaki, shika ncha mbili, uvute mguu uje upande wako. Usivute kwa kurusha. Vuta hadi uhisi nyama ya nyuma ya muundi imekaza, subiri kama nusu dakika, legeza, rudia. Fanya asubuhi, mchana na jioni. Na mama akikuletea mto aweke chini ya goti ili ustarehe, mshukuru, kisha uutoe. Goti linalolala limekunjwa usiku na mchana linazoea kukunjwa, na kulinyoosha tena ni kazi ya machozi. Ukitaka kuinua mguu ili uvimbe upungue, na ni vizuri kuuinua, basi inua wote tangu goti hadi kisigino.

Sasa magongo. Nimeona vijana wa kiume wakiyaficha uvunguni wakisikia wageni, na wasichana wakiruka kwa mguu mmoja kutoka chumbani hadi uani ili wasionekane nayo. Mwanangu, magongo hayasemi kwamba umeshindwa. Yanachukua uzito ambao ngozi yako bado haijaweza kuubeba. Daktari au mtaalamu wa mazoezi atakwambia ukanyage kwa uzito kiasi fulani, labda robo, labda nusu, na wewe utaitikia bila kujua robo ni kiasi gani. Jifunze kwa mizani. Weka mizani ya kupimia watu sakafuni, karibu yake weka ubao wa kimo kilekile, simama mguu mzima ukiwa juu ya ubao na mguu uliokatwa juu ya mizani, huku umeshika magongo. Egemea taratibu hadi mshale ufike kilo 10, kisha 20. Funga macho, urudie, halafu fungua utazame kama umepatia. Mwili hujifunza uzito huo upesi kuliko unavyodhani, na ukishaujua hutakanyaga kwa kubahatisha.

Ukiruhusiwa kutembea, anza mahali pa kushika: vyuma vya mazoezi hospitalini, au kamba iliyokazwa kati ya miembe miwili, au ukuta wa baraza. Piga hatua fupi zinazolingana. Kosa la kila mtu ni kupiga hatua ndefu kwa mguu uliokatwa na kuirusha haraka ile ya mguu mzima, kwa kuwa anaogopa kukaa juu ya kigutu. Mwendo huo unaumiza goti la mguu mzima na mgongo, na ukiuzoea unakuwa wako. Ni afadhali utembee mita 20 kwa hatua sawa kuliko kilomita moja ukichechemea. Fimbo ishike kwa mkono wa upande wa mguu mzima, wala usiishike upande wa mguu mgonjwa kama wengi wanavyofanya. Ngazini, ukipanda tanguliza mguu mzima. Ukishuka tanguliza uliokatwa. Mchanga wa pwani na majaruba ya mpunga viache hadi baadaye. Kwenye ardhi inayotitia, mguu usio na mbele hauna cha kuutuliza.

Narudi kwenye ngozi, maana ndiyo iliyonifanya niandike. Ngozi ya wayo imeumbwa kubeba, ina mafuta yake mazito chini. Ngozi ya mahali pengine haikuumbwa hivyo. Kama uliwekewa kiraka kutoka pajani, kiraka hicho kitashika, kitaonekana kimepona, lakini hakitakuwa wayo kamwe. Na kovu lenyewe mara nyingi lina ganzi. Wenye kisukari ganzi yao imetangulia zamani, kabla hata ya kisu. Ganzi ndiyo adui, kwa sababu maumivu ndiyo yanayomwambia mtu mzima apumzike, na wewe hakuna wa kukwambia. Utatembea na kokoto ndani ya kiatu kutwa nzima ukiwa na furaha.

Kwa hiyo macho na mikono vifanye kazi ya maumivu. Kila jioni, kabla ya kulala, kaa penye mwanga. Vua soksi. Itazame soksi kwanza, kama ina doa la damu au la majimaji. Kisha tazama kigutu chote, juu, kando na chini. Mahali usipoona weka kioo, au mwite mdogo wako mwenye macho mazuri. Tafuta wekundu, lengelenge, mpasuko, sugu. Sugu usiikate kwa wembe. Halafu geuza mkono, upitishe mgongo wa kiganja juu ya kigutu, kisha juu ya mahali palepale pa mguu wa pili. Ukihisi upande mmoja una joto kuliko mwingine, ngozi ile imechoshwa ndani hata kama juu ni safi. Madaktari wenye vipima joto vya ngozi huhesabu tofauti ya nyuzi 2.2 za Selsiasi kuwa ni dalili ya hatari, na humwambia mgonjwa apunguze kutembea hadi joto lirudi sawa. Mkono wako hautakupa namba hiyo, lakini ukiutumia kila siku utajua kilicho cha kawaida na kisicho cha kawaida. Mguu ukiwa na moto, umevimba na kuwa mwekundu, au kidonda kimeanza kutoa harufu, usisubiri kukuche mara ya pili. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Nawatia hofu kwa makusudi. Kwa wenye kisukari, katika kila watu 100 ambao vidonda vyao vya miguu vimepona, kiasi cha 40 hupata kingine ndani ya mwaka mmoja. Katika miaka mitano wanafika kama 65. Wewe ambaye umeshakatwa uko juu kabisa kwenye hatari hiyo. Sukari yako iangalie, dawa usizirukeruke, na sigara iache leo, kwa kuwa inaibana mishipa midogo inayopeleka damu pale hasa unapoihitaji.

Kuna mambo ya nyumbani ambayo hospitalini hawakuwahi kunieleza. Panya huuma miguu yenye ganzi usiku, na mwenyewe huamka asubuhi akakuta damu kwenye shuka. Madaktari wa kisukari wa Dar es Salaam wameshawahi kuandika juu ya wagonjwa wa namna hiyo, kwa hiyo msidhani ni hadithi za bibi. Lala ndani ya chandarua, ukichomeke vizuri chini ya godoro, na usilale na mabaki ya chakula chumbani. Maji ya moto ya kuoga yapime kwa kiwiko cha mkono. Moto wa kuota wakati wa baridi ukae nao mbali. Anayepanda bodaboda nyuma ajue bomba la moshi liko wapi kabla hajaweka mguu.

Choo cha kuchuchumaa ni mtihani ambao vijana hawausemi. Ukiinama kidogo, mbele hakuna cha kukuzuia, unaanguka. Mpe seremala kazi ya kigoda chenye tundu, au akukazie nguzo ukutani ya kushika. Hiyo ni kazi ya nusu siku na inakuokoa na fedheha ya kuita watu. Waislamu wenzangu, udhu unaosha kilichobaki cha mguu, basi. Ukimaliza kausha vizuri hadi kwenye mikunjo ya kovu. Kutoka kwenye birika hadi kwenye mkeka wa msikiti saa ya adhuhuri ile saruji inaunguza, na mguu wenye ganzi hautakwambia, kwa hiyo uwe na viatu vya ndani vya kupitia hapo. Kusujudu bila vidole vya kukunja si rahisi, na kunyanyuka kutoka sijida kunaliweka shinikizo lote kwenye ncha ya kigutu. Asiyeweza kusimama huswali ameketi, na dini yetu haikumfungia mgonjwa mlango huo. Keti kwenye kiti hadi ngozi ikomae, wala usimjali anayekutazama.

Kiatu kinahitaji maneno marefu. Ndala zimekwisha. Kamba ya ndala inashikwa na kidole gumba na jirani yake, na wewe huna. Utaukunja mguu kuing'ang'ania, utateleza, utajikwaa. Wengi huchukua kiatu cha kawaida na kujaza matambara mbele. Matambara hujikusanya, hujiviringa, huwa magumu kwa jasho, na hayo ndiyo yanayotoboa ngozi. Na kiatu chenye soli laini hujikunja palepale mguu unapoishia, kikaisugua ncha kila hatua. Unachohitaji ni kiatu cha kina, cha kufunga kwa kamba au kwa mkanda, saizi ileile ya mguu mzima. Ndani yake kitanda laini cha kulazia wayo, kilichochongwa kwa umbo la mguu wako. Mbele kijazio kilichoshikamana na kitanda hicho. Na chini soli ngumu isiyojikunja, iliyoinuka mbele kama omo ya ngalawa, ili mwili ubingirike juu yake pale ambapo vidole vingesukuma. Aliyekatwa nyuma sana huongezewa kifaa kinachopanda hadi kwenye muundi.

Kazi hii ina mafundi wake waliosomea. Moshi, pale hospitali ya KCMC, kuna chuo cha TATCOT kilichoanza mwaka 1981, na kimefundisha mafundi wa viungo bandia kutoka nchi nyingi za Afrika. Dar es Salaam wako hospitali ya CCBRT na wako taasisi ya mifupa ya MOI pale Muhimbili. Ukifika kwao usinyamaze. Fundi anachonga, ananipa, navaa, natembea kidogo, navua, tunatazama pamoja. Nilimwona mmoja akipaka rangi ya mdomo ya mkewe kwenye kovu langu, akanivalisha, na nilipovua doa likawa limebaki ndani ya kiatu mahali panapobana. Akapasugua pale kwa msasa, akarudia hadi doa likaisha. Mtu wa namna hiyo mwambie kila kinachokusumbua, hata ukihisi unamchosha.

Kiatu kipya siku ya kwanza kivae saa moja tu, tena ndani ya nyumba. Vua utazame. Alama nyekundu ikitoweka ndani ya dakika 20 au 30, ngozi imekikubali, kesho ongeza saa. Ikibaki baada ya hapo, kiatu kina kasoro, nacho kirudi kwa fundi. Usikivae kwa matumaini kwamba kitalainika. Mguu wako ndio utakaolainika.

Vidole visivyokuwepo vitakuwasha, vitakunjana, usiku vitauma kana kwamba vimebanwa na mlango. Atatokea mtu wa kukwambia kwamba vilizikwa vibaya, au kuna jini. Siyo hivyo. Ubongo ulikuwa na ramani ya mguu mzima tangu utoto, na ramani haifutiki kwa siku moja ya kisu. Kidonda kikishapona, kisugue kigutu kwa kitambaa laini, baadaye kwa taulo, kila siku kwa muda mfupi. Ngozi na ubongo vitafahamiana upya. Wengine hufaidika kwa kuweka kioo kati ya miguu miwili na kuutazama mguu mzima ukicheza kwenye kioo, hadi kichwa kiamini kwamba na ule mwingine umetulia. Maumivu yakizidi kuna dawa zake, waambie madaktari. Na ukilia, lia. Nimewasikia wazee wenzangu wakimkataza kijana kulia kwa sababu amepoteza kidogo. Hakuna kidogo katika mwili wa mtu.

Mlioajiriwa mkaumia kazini, muulizeni mwajiri juu ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Ni haki yenu kwa sheria ya mwaka 2008, na haimaliziki kwenye pesa, kwani utengamao na vifaa navyo vimo. Msingoje mtu awaite.

Na nyinyi wa bodaboda, najua swali lenu, mmeniuliza kabla hata ya kuuliza kuhusu kutembea. Pikipiki nyingi hapa kwetu gia iko mguu wa kushoto na breki ya nyuma iko wa kulia. Aliyekatwa kushoto hawezi kuinyanyua gia kwa ncha ya kiatu bila kuusugua ule mwisho wa kigutu mara mia kwa siku. Tafuta kanyagio la gia lenye ncha mbili, mbele na nyuma, uipandishe kwa kisigino. Aliyekatwa kulia ana kazi kubwa zaidi, maana breki haina mbadala wa namna hiyo. Fundi arefushe na kupanua kanyagio hadi ulifikie kwa katikati ya wayo. Kisha nenda uwanja mtupu asubuhi, bila abiria, uifunge breki ghafla kwa mwendo mdogo, halafu kwa mwendo wa kati. Ukiweza mara zote bila mguu kuteleza, vua kiatu hapohapo uwanjani utazame ngozi. Ikiwa safi, mwanangu, chukua abiria mmoja wa karibu.